Moyo unakwenda mbio lakini vipimo vyote ni vizuri: nimwone nani?

Mhasibu wa Kihonda

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Mimi ni mwanamume wa miaka 34, mhasibu wa chama cha ushirika hapa Morogoro, nina mke na mtoto mmoja. Mwezi wa Machi, nikiwa ndani ya daladala inayotoka Kihonda kwenda mjini, moyo ulianza kwenda mbio ghafla, vidole vikafa ganzi, pumzi ikawa fupi, nami nikaamini kabisa kwamba nakata roho mbele ya abiria wenzangu. Nilishuka kabla ya kituo changu na kukimbizwa hospitali kwa bodaboda. Kipimo cha umeme wa moyo hakikuonyesha kasoro, sukari na wingi wa damu vilikuwa sawa, nikarudishwa nyumbani. Tangu siku ile hali hiyo imenirudia mara 6. Safari moja nilitibiwa vidonda vya tumbo, safari nyingine nikaambiwa ni presha ya kupanda na kushuka, na daktari wa mwisho aliniambia kwamba sina ugonjwa wowote, nipunguze tu mawazo. Namna ya kuyapunguza hakunieleza.

Siku hizi naenda kazini kwa miguu, karibu saa nzima. Nikilazimika kupanda gari hukaa jirani na mlango, nikiwa na chupa ya maji mkononi na kidonge cha Valium, dawa ya kutuliza wasiwasi, mfukoni, nilichouziwa duka la dawa bila cheti. Mke wangu anasema nimtafute mwanasaikolojia, mama yangu anataka nifanyiwe kisomo, na mjomba, aliposikia neno "akili" likitajwa, aliuliza kama napelekwa Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili kule Dodoma. Naomba waliopitia jambo hili wanieleze: mwanasaikolojia na daktari wa magonjwa ya akili wanatofautiana vipi, nianze kwa nani, nitamtambuaje aliyesomea kazi hii, na matibabu yenyewe hufanywa namna gani?

Mama Wawili

Pole sana, kaka. Maelezo yako yamenirudisha miaka 3 nyuma, isipokuwa mimi sikuogopa daladala bali soko la Kariakoo, na hilo lilikuwa tatizo kubwa kwa sababu ndiko ninakochukulia bidhaa zangu.

Mshauri wangu wa kwanza nilimpata kwa kuelekezwa na jirani. Alikuwa mtu mwema, lakini alizungumza kuliko mimi. Alinisimulia jinsi alivyoshinda mitihani ya maisha yake, akanihimiza niwe mwenye shukrani, na baada ya kumwona mara 4 nilikuwa palepale nilipoanzia, ila pochi ilikuwa nyepesi zaidi. Naeleza hili kwa sababu nilikaribia kuamini kwamba tiba ya mazungumzo ni maneno matupu.

Wa pili alikuwa mwanasaikolojia tiba wa hospitali. Siku ya kwanza hakunipa nasaha yoyote. Alitaka nimsimulie tukio la mwisho dakika kwa dakika: nilihisi nini kwanza, nilidhani ni dalili ya nini, na nilifanya nini ili nisife. Kisha akachora duara kwenye karatasi: moyo unadunda, nawaza kwamba nakufa, hofu inapanda, na hofu hiyo inaufanya moyo udunde zaidi. Akanieleza kwamba kuhema harakaharaka hupunguza hewa ya ukaa katika damu, na ndiyo maana vidole hufa ganzi na kichwa kikawa chepesi. Hakuna mtu aliyewahi kunifafanulia ganzi ile, na sikutarajia kwamba ufafanuzi peke yake ungenipa usingizi usiku ule.

Wiki ya tatu ndiyo iliyonishangaza. Aliniambia niheme haraka kwa dakika moja, palepale ofisini kwake, mpaka ganzi ikaja. Nililia, kisha nikacheka, kwa sababu jambo nililolikimbia mwaka mzima nilikuwa nimelitengeneza mwenyewe nikiwa nimeketi kwenye kiti. Siku nyingine alinizungusha kwenye kiti mpaka nikapata kizunguzungu, na nyingine akanipandisha ngazi mbio. Baadaye zikafuata kazi za nyumbani: kusimama pembeni ya soko kwa robo saa, kisha kuingia mtaa mmoja, kisha kukaa humo bila kukimbia hadi hofu ishuke yenyewe, na kila mara kuandika daftarini nilitabiri nini na kilitokea nini. Tulikutana mara 12.

Kwa hiyo ukikaa mbele ya mtu, muulize amesomea nini na wapi, anatumia njia gani kwa tatizo la namna hii, anadhani mtakutana mara ngapi, na ada yake ni kiasi gani. Aliye stadi hatakasirika. Nakushauri usihukumu kwa siku ya kwanza, lakini ukifika mara ya nne na bado hujui mnafanya nini, hama bila kuona haya.

Muuguzi wa Zamu

Ndugu Mhasibu, mimi ni muuguzi wa afya ya akili, nami nitajibu yale ambayo dada hapo juu hakuyagusa.

Daktari wa magonjwa ya akili ni tabibu aliyebobea: anachunguza mwili na akili, na anaandika dawa. Mwanasaikolojia tiba haandiki dawa, kazi yake ni upimaji na tiba ya mazungumzo. Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kinatoa shahada ya uzamili katika fani hiyo, lakini wahitimu si wengi na nje ya Dar es Salaam ni adimu zaidi. Hivyo kwa mtu aliye mkoani naona ni busara kuanzia kitengo cha afya ya akili katika hospitali ya rufaa ya mkoa, hata kama lengo lako ni mazungumzo tu, maana ndiko utakakopata rufaa. Ukiwa na bima, uliza mapema inagharamia nini. Omba pia kipimo cha homoni za tezi ya shingo kama bado hujafanyiwa, kwa kuwa tezi inayofanya kazi kupita kiasi huleta dalili zilezile unazozitaja. Huenda ukapewa dodoso la maswali 7 kuhusu wiki 2 zilizopita, lenye alama 0 hadi 21. Kuanzia 10 tunachunguza kwa undani zaidi. Usijikaze wala usipambe majibu.

Kuhusu dawa, zinazotumika kwanza kwa hofu za namna hii ni za kundi la setralini na fluoksetini. Huanzishwa kwa dozi ndogo, setralini mara nyingi miligramu 25, kwa sababu siku za mwanzo zinaweza kuongeza mtetemo na wasiwasi, na wengi huziacha hapo wakidhani zimewadhuru. Nafuu huja polepole, kati ya wiki 2 na 6, na mgonjwa akishapata nafuu huendelea nazo kwa miezi kadhaa kabla ya kupunguziwa hatua kwa hatua. Hazileti uraibu. Valium ndiyo inayoleta, hasa ikitumiwa kila siku kwa wiki nyingi. Ikiwa umekuwa ukiimeza mara kwa mara, usiiache ghafla, mweleze daktari idadi kamili ya vidonge. Na ikitokea siku moja ukawaza kujidhuru, usingoje miadi, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Kuhusu Mirembe, mwambie mjomba kwamba wengi wanaofika kliniki zetu huja asubuhi wakiwa na begi la kazini, na mchana wako ofisini.

Msomaji wa Likoni

Ndugu yangu, mimi niko Mombasa, na kwangu pia mama ndiye aliyekuwa wa kwanza kutaka kisomo. Nilikubali. Shehe alinisomea, kisha akaniuliza nalala saa ngapi na nakula nini, na yeye ndiye aliyenituma hospitali. Nilifanya yote mawili na sikuona ugomvi baina yao. Nitakachokuonya ni kumwepuka yeyote, wa dini au wa miti shamba, atakayekuambia uache dawa ulizoandikiwa. Huku Kenya ipo sheria ya mwaka 2014 inayowahusu washauri nasaha na wanasaikolojia na kudai wasajiliwe, basi mimi niliomba kuona cheti kabla ya kulipa. Ukikosa mtu karibu nawe, wapo wanaokubali mazungumzo kwa simu baada ya kuonana uso kwa uso mara moja au mbili; mimi vikao vyangu vya mwisho nilivifanya hivyo, nikiwa ndani ya gari la rafiki, kwa maana nyumbani kwetu ukuta una masikio.

Mhasibu wa Kihonda

Nawashukuru nyote. Nimekwenda hospitali ya mkoa. Kipimo cha tezi ni kizuri, nimeanzishiwa dawa kwa dozi ndogo, na Jumanne saa tatu asubuhi nitaanza mazungumzo. Mama nimemkubalia kisomo siku ya Ijumaa. Vidonge vya Valium nilivyomeza ni 5 tu kwa miezi yote hii, na daktari amesema havinipi tabu kuviacha. Dada Mama Wawili, nina swali moja ambalo niliona aibu kumuuliza daktari: je, siku nitakapopanda tena daladala, kuna ubaya kuwa na ile chupa na kile kidonge mfukoni, hata kama sitavitumia?

Mama Wawili

Hilo muulize Jumanne, kaka, tena bila aibu, kwa sababu mimi ndilo lililonichelewesha. Mwanasaikolojia wangu alinionyesha kwamba kila nilipotoka sokoni salama, sifa zote niliipa chupa. Mimi mwenyewe sikujipa hata moja. Niliiacha chupa kwanza. Kidonge kilikaa kwenye pochi kwa miezi 2 zaidi, na siku nilipokitafuta ili nikitupe, nilikuta kimeshakuwa unga.