Tupeane uzoefu: siku uliyojua mieleka ya WWE, ile ya Wamarekani kwenye TV, imepangwa

Wakuu, naanza mimi. Kibanda umiza cha mtaani kwetu Morogoro, mwishoni mwa miaka ya tisini. Nje ubao wa chaki: LEO UNDERTAKER NA MANKIND. Ndani mabenchi, jasho, TV moja. Ndiyo ile ya Pittsburgh, Juni 1998, Mankind anarushwa kutoka juu ya kizimba, futi 16, anatua kwenye meza ya watangazaji. Kibanda kizima tulisimama. Sisi tuliamini Undertaker ana roho saba, ukimzika leo kesho anafufuka. Jioni nikambeba mdogo wangu kitandani nimbwage kichwa chini, bibi akaingia na mwiko.

Form two jamaa mmoja akaniambia: "Hao mshindi wanamjua kabla hawajapanda ulingoni." Sikumsemesha wiki nzima. Nyie mlijuaje?

*

Mimi nilikuwa najua siku nyingi, na bado 2014 niliumia. Kwetu ilikuwa usiku wa kuamkia Karume Day, hakuna kazini, nikakesha. Undertaker alikuwa hajapigwa WrestleMania, onyesho lao kubwa la kila mwaka, hata mara moja, 21 kwa 0. Brock Lesnar akambwaga F5 ya tatu, ule mtupo wake wa kumalizia mtu, refa akapiga moja, mbili, tatu. New Orleans nzima kimya kama msibani. Skrini ikaandika 21-1. Kuna jamaa alinaswa na kamera, macho yamemtoka, mdomo wazi. Ndivyo nilivyokuwa sebuleni kwangu.

Halafu Undertaker akaishia hospitali, ubongo umetikisika. Aniambie mtu hapo usanii uko wapi.

*

Niko Jeddah, dereva. Aprili 2018 tulienda watatu King Abdullah Sports City, Royal Rumble ya watu 50, lile pambano la kutupana nje ya ulingo mpaka abaki mmoja. Nikwambie kitu, kwenye TV husikii vile mbao za ulingo zinavyolia mtu akianguka. Pwaa! Mpaka wewe uliyekaa mgongo unauma. Ubingwa uligombewa mpaka nikachoka kuhesabu mikanda, ila ninachokumbuka ni Titus O'Neil. Anakuja mbio kapandwa na hasira, akajikwaa, akateleza kwa kifua mpaka uvunguni mwa ulingo. Imebaki miguu tu nje. Hiyo hakuna aliyeipanga, naapa.

*

Uvunguni tena! Mkuu umenimaliza. Endeleeni.

*

Mimi nilishtuka nilipogundua Kofi Kingston, tuliyekuwa tunatangaziwa ni Mjamaika, kumbe Mghana wa kuzaliwa. Nikasema basi, hawa watu waongo mpaka pasipoti.

Lakini Aprili 2019 akampiga Daniel Bryan, akabeba ubingwa wa WWE. Bryan alikuwa na mkanda wake wa katani (nyie wa Tanga msijipe sifa, si mkonge wetu, ni ile katani ndugu yake bangi). Wenzake Kofi wakamletea ule mkanda wenyewe wa siku zote, wa katani ukatupwa pembeni, wanawe wakapanda ulingoni wanamkumbatia baba. Machozi yakanitoka, sifichi.

Mke wangu akaniuliza, "Baba nanii, unalilia maigizo?" Nikamwambia na wewe jana kwenye tamthilia ya Kituruki ulikuwa unamenya vitunguu?