Mto hauna maji lakini una feri – hii Australia wanatuchezea ama?

BintiWaUmoja2
Wadau habari zenu, niko na swali na msinicheke. Kaka yangu alipata kazi kwa ranchi ya ng'ombe huko Australia, Queensland upande wa magharibi, karibu na kamji kadogo kanaitwa Windorah, na kila Jumapili lazima atume picha. Juzi ametuma ya mto unaitwa Cooper Creek. Sasa mto gani huo jameni, ni matope yamekauka yakapasuka kama kisigino cha shosho, kando miti mikubwa imejipanga, halafu kule mbali kidimbwi kimoja cha maji rangi ya chai ya maziwa, basi. Na bado ananiambia eti mto huohuo ukiufuata chini mpaka barabara ya kwenda Birdsville kuna wakati watu huvuka na feri. Feri! Kama Likoni! Nikamuuliza inavuka nini, mchanga?

Nimeangalia ramani, mstari wa bluu unaenda kama kilomita 1,300 na haufiki baharini. Kwa hivyo maji huishia wapi? Na swali la ukweli lenye limenileta hapa: anataka kupiga hema wikendi hapo chini mkondoni kwenyewe kwa sababu kuna kivuli. Mama amekataa katakata, anasema maji hayabishi hodi.

DerevaWaMoyale
Sikiza mama yako. Mimi nimeendesha lori Isiolo–Moyale kabla lami haijafika, enzi zile tunalala njiani siku tatu nne. Usiku mmoja tuliegesha kando ya laga, yaani mto mkavu wa msimu, pale kuelekea Merille, mbingu safi, nyota zote ziko nje, tanboi akashuka chini kwa mchanga akawasha jiko, kwa sababu upepo huko hauingii. Kitu ya kwanza ilikuwa harufu, harufu ya udongo umelowa pamoja na mavi ya mbuzi, na sisi hatujaona hata wingu. Halafu mlio, nikadhani ni lori ingine inakuja bila taa. Tanboi alipanda ule ukingo kwa magoti na mikono. Maji yenyewe mbele ni povu na vijiti tu, yanafika kifundo, ukihesabu mpaka ishirini yako kifuani. Sufuria ilienda na nyama yetu ndani. Mvua ilikuwa imenyesha mlimani huko sijui wapi, sisi hatukupata hata tone.

Mwambie alale juu.

ChakiNyeupe
Dereva umesema kweli kuhusu laga zetu lakini Cooper si laga, na tofauti iko kwa mwinamo. Laga inashuka kutoka milimani kwa hivyo maji yanakuja mbio. Huko Windorah ardhi ni tambarare kama meza, maji hayana haraka ya kwenda popote, yanatambaa. Badala ya mkondo mmoja kuna mikondo midogo mingi inasukana kama nywele, ndio maana wenyewe wanaita Channel Country, na mafuriko makubwa yakija yote inakuwa shiti moja ya maji inapanuka makumi ya kilomita. Kwa hivyo kaka yako hatasombwa usingizini kama ile sufuria. Shida yake itakuwa ingine, ataamka ako kisiwani na atakaa hapo mpaka achoke. Machi na Aprili 2025 upande huohuo wa Queensland ulifurika vibaya sana, mifugo zaidi ya 100,000 walikufa ama wakapotea.

Maji yanaelekea ziwa Kati Thanda, wengi wanalijua kama Lake Eyre, liko kama mita 15 chini ya usawa wa bahari. Bonde lote linalomwaga huko ni kama sehemu moja kwa sita ya Australia nzima na hakuna tone linatoka kwenda baharini. Lakini Cooper kufika ziwani ni bahati, miaka mingi maji yanaishia njiani, yanajaza vidimbwi na madimbwi na vinamasi, jua linakunywa yanayobaki. Sasa mwaka wenye yamezidi ndio barabara ya Birdsville inakatwa na feri inapata kazi. Miaka ingine yote imekaa tu nchi kavu ikingojea mto.

Ah na kingine cha kuchekesha. Thomson na Barcoo ni mito, imekutana juu ya Windorah, na ikishakutana inazaa "creek", yaani kijito. Mito miwili kuzaa kijito, hiyo ni hapo tu.

Kasuku_Mjuaji
Lakini hayo maji si yanapotea bure? Mbona wasijenge bwawa walime. Sisi hapa Nairobi tunapangiwa maji siku mbili kwa wiki na wao wanaachia jua linywe.

MsichanaWaMerti
Yanapotelea nani? Wacha nikuulize hivyo tu.

Mimi nimezaliwa Merti, Ewaso Ng'iro unapita kwetu ukielekea kinamasi cha Lorian, na huo pia haufiki baharini, mvua ikizidi sana ndio unasukuma mpaka upande wa Somalia. Babu yangu alikuwa anapeleka ng'ombe Lorian kiangazi juu nyasi ilikuwa inabaki huko wakati kwingine kote ni vumbi. Yale maji unasema yamepotea ndiyo yale nyasi, na ndiyo yale yako chini ya mchanga, unachimba na mikono, unangoja yajichuje, unachota na kikombe kidogo polepole ukiharakisha unapata matope. Sasa huko juu karibu na Mlima Kenya kila mtu ana pampu, na sisi wa chini tunangoja mto wenye umeshanywewa njiani. Halafu mtu ako Nairobi anatuambia mto ulikuwa unapoteza maji.

Hata hiyo Cooper walitaka kuifanyia hivyo. 1995 kulikuwa na mpango wa kulima pamba kwa kunyunyizia maji hapo karibu na Windorah, wafugaji na wanasayansi wakakataa pamoja na mpango ukakataliwa. Wafugaji walijua hesabu yao, mafuriko yakipungua nyasi inapungua.

Kasuku_Mjuaji
Sawa dada nimesikia, mimi niliuliza tu 😅

KamongoMkavu
Jina langu limefaa leo. Kamongo wetu, yule samaki, si hujizika kwa matope ziwa likikauka akangoja mvua, basi huko kuna chura anafanya hivyohivyo, anajaza maji mwilini, anajifunika kwa ngozi ya juu kama karatasi ya sigara, anangoja chini ya ardhi hata miaka. Samaki wao wanabaki kwa vile vidimbwi kama hicho cha picha, mafuriko yakija wanasambaa kila mahali kuzaana, yakikauka wengi wanakufa, wachache wanarudi kidimbwini. Kwa hivyo hicho kidimbwi cha rangi ya chai usikidharau, hiyo ndiyo ghala. Ndege ndio sielezi vizuri, mwari wanaruka mamia ya kilomita kuja kuzalia ziwani likijaa, ni kama flamingo wetu leo wako Nakuru kesho Bogoria.

Na kuna mmea wa matope unaitwa nardoo, majani manne kama klova, vifuko vyake vigumu vya spora, ambazo ni kama mbegu, vinalala kwa udongo mkavu miaka na miaka. Burke na Wills, wale wavumbuzi wazungu, 1861 walikwama hapohapo Cooper wakawa wanaula kila siku na bado wanakonda mpaka wakafa, juu una kitu kinachoharibu vitamini B1 kama hujautayarisha vizuri. Wenyeji wa hapo, Wayandruwandha, walikuwa wanaujua kama vile watu wa pwani wanajua muhogo mchungu, huuli hivihivi tu. Mwenzao Burke na Wills mmoja, King, aliishi na hao wenyeji wakamlisha, akatoka hai.

BintiWaUmoja2
Asanteni sana wadau, nimemsomea kaka yote kwa simu hadi ya sufuria. Anasema bosi wake amecheka akamwambia akitaka kulala huko sawa lakini abebe chakula cha wiki tatu, kwa hivyo hema itapigwa juu kwenye tuta la mchanga.

Mama naye ameridhika. Anauliza tu feri wanalipisha pesa ngapi.