Koili ya vepu, ya 0.2 na ya 0.8: niweke wati ngapi?

Mtu wa Wete
Assalaam alaykum. Mie nna miaka 41, sigara navuta tangu nna 22, na tangu mfungo sita natafuta njia ya kuiacha. Shemeji kaniletea vepu (sigara ya umeme) kutoka Maskati: mashine ya kupandisha na kushusha wati, koili mbili (moja imeandikwa 0.2, nyengine 0.8) na kichupa cha maji ya nikotini ya chumvi, ladha ya embe, miligramu 35 kwa kila mililita. Nkafunga ile ya 0.2, nkaweka wati 50. Pafu la pili tu kifua kikabana, kichwa kikazunguka, jasho jembamba likanitoka, nkakaa barazani robo saa nzima. Jioni nkajaribu tena, nkapata ladha ya kitambaa kilichoungua. Nakosea wapi?

Fundi Darajani
Waalaykum salaam, kaka. Mashine yako nzima, ila umechanganya visivyokaa pamoja. Koili ni waya wa moto kama wa pasi, ndani yake pamba. Hiyo 0.2 na 0.8 ni ukinzani wake, kwa omu. Ukinzani ukiwa mdogo, umeme hupita kwa wingi: wati 50 kwenye omu 0.2 ni karibu ampea 16, wati 14 kwenye 0.8 ni ampea 4 na kidogo. Wewe umetoa wingu kubwa la mvuke, na wingu lote hilo umelibebesha nikotini ya 35! Koili ile inataka maji ya miligramu 3, au 6. Maji yako ni ya 0.8, uvute kama sigara, kinywani kwanza ndipo kifuani, na tundu la hewa ulibane.

Ladha ya kitambaa ni mambo ya kibatari. Mafuta yakiisha, moto hula utambi. Koili mpya itonee matone manne matano kwenye vitundu vya pamba, jaza tangi, kaa dakika 10 ndipo ubonyeze. Ubavuni mwa koili wameandika wati za chini na za juu, na maandishi hayo yafuate kuliko mtu yeyote humu, mie nikiwemo. Anza chini, panda moja moja. Ile iliyoungua itupe.

Na betri, nakuomba. Nimeletewa suruali ina tundu la moto pajani, betri ya vepu, ile ya duara iitwayo 18650, ilikuwa mfukoni pamoja na funguo. Ivishe kasha lake, na ngozi yake ikichanika usiitie tena mashineni.

Bi Mkoani
Kaka, kizunguzungu na jasho ni nikotini imekuzidi. Kichupa cha mililita 30 cha maji hayo kina zaidi ya miligramu 1,000. Kifungie kabatini kwa ufunguo, mtoto akinusa embe atadhani sharubati. Na ukivuta vepu huku sigara unaendelea nayo, mapafu hayajapumzika.

Mtu wa Wete
Nashukuru, fundi. Ahsante dada. Nipo kwenye 0.8, wati 13. Nilipopanda 15 koo likawasha, nkashuka. Leo siku ya nne, pakiti ya sigara iko juu ya kabati, zimo 11 vilevile. Koili hii itakaa muda gani?

Fundi Darajani
Wiki moja, pengine mbili. Maji matamu huila mapema. Ladha ikigeuka tu, badilisha, usiongeze wati.