Ameniita MWIZI kwa gemu niliyoinunua mwenyewe, huyu jamaa amevuka mpaka!

Wadau, nimetoka kwake sasa hivi, mikono bado inatetemeka. Simtaji jina. Yeyote aliyewahi kushika pedi ya gemu Mombasa hii anamjua: duka la chini ya ngazi, feni inayolia kushinda spika, na mdomo unaofika feri kabla yake.

Ameniita mwizi. Mimi!

Nilienda kung'arisha diski yangu ya gemu ya PS2, ile mashine ya Sony. Orijino, na boksi lake, na kijitabu chake. Imekwaruzika, nikamwambia afanye taratibu, ingawa nyumbani nina nakala niliyoichoma mapema kwenye diski tupu ili hii ipumzike. Weee! Alipaza sauti mpaka watu wa ng'ambo ya barabara wakatoka kuangalia: "Kumbe wewe mwizi! Kukopi gemu ni wizi!" Mbele ya foleni nzima. Mbele ya watoto wa chuoni. Mbele ya SHEMEJI YANGU, ambaye alikuja tu kuchaji simu.

Na nani huyo anayesema? Mtu ambaye tangu dunia iumbwe hajauza diski yenye picha juu! Zote zimeandikwa kwa kalamu ya wino mzito, na majina yenyewe kayakosea. Siku wenye hakimiliki wakipita pale, lori litabeba duka, litabeba feni, na litambeba yeye juu ya feni.

Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inamruhusu mwenye programu kihalali kutengeneza nakala ya akiba. Basi, sibishani. Nimemwibia nani? Nimevunja kabati langu mwenyewe? Mwizi! Na shemeji anasikia!

Kinyozi_wa_Likoni: Pole kaka. Lakini swali moja: hiyo nakala unaichezaje? PS2 haisomi diski ya kuchoma mpaka uitie chipu ya kupita kufuli yake au uizunguke kwa njia nyingine. Sheria hiyohiyo unayotupigia kelele inakataza kuvunja kufuli za kiteknolojia. Nakala halali, mlango wa kuingilia haramu.

MwenyeUzi: Sijauliza habari ya chipu. Nimesema ameniita MWIZI.

Kinyozi_wa_Likoni: Kwa hiyo imechipiwa 😂😂

PediMbovu: Kachipi huyo! Shemeji atasimulia mpaka Lamu.

Wakili_wa_Kijiweni: Wamarekani wana mkanganyiko huohuo. Kifungu cha 117 cha sheria yao ya hakimiliki kinampa mwenye nakala ya programu haki ya kuweka akiba, halafu DMCA, sheria yao nyingine ya hakimiliki ya 1998, ikaja kukataza kuvunja kufuli. Na mwaka 1983 mahakama ya huko ilimzuia muuza mashine ya kunakili katriji (kaseti za gemu) za Atari, kwa hoja kwamba katriji haiko kwenye hatari ileile ya kufutika kama diski.

MwenyeUzi: Umeona! DISKI INAHARIBIKA! Yangu imekwaruzika! Na bado mtu anasimama mbele ya watoto kuniita mwizi!

Wakili_wa_Kijiweni: Tulia. Mwaka 2014 Mahakama ya Umoja wa Ulaya, kesi ya Nintendo na PC Box, wauza vifaa vya kupita kufuli, ilisema gemu si programu peke yake, mna michoro na sauti zenye ulinzi wake, kwa hiyo sheria ya programu tu haiimalizi. Na hapa Kenya ukiiuza ile orijino, nakala uiharibu. Usije ukabaki nayo.

MwenyeUzi: Siuzi kitu. Mwizi ni yeye.

Bi_Kidude_cha_Pedi: Wenzenu mna diski mnalia. Mdogo wangu kanunua gemu ya kupakua kwa pesa ya harusi, akaunti ikafungwa, gemu zote zikaenda nayo. Atachoma nakala ya nini, hewa?

PediMbovu: Hilo ndilo la kulilia. Gemu ya magari The Crew, ya kampuni ya Ubisoft, ilizimwa seva (kompyuta za kampuni zinazoiendesha) 31 Machi 2024. Hata mwenye diski mkononi hachezi, maana bila seva haiendi. Huko California wakaweka sheria, tangu 2025 duka la mtandaoni likuambie waziwazi kwamba unapewa leseni tu.

MwenyeUzi: Jamani tulikuwa tunazungumzia kuitwa mwizi.

Mtu_wa_Dar: Wakuu, huku kwetu Kariakoo nimeuziwa pedi "mpya", nafungua ndani nakuta mchele. Mchele kabisa, umepikwa. Nani wa kushtakiwa hapo?

Bi_Kidude_cha_Pedi: Wa nazi?

Mtu_wa_Dar: Sikuonja dada, nina hasira.

Kinyozi_wa_Likoni: Afadhali mchele. Mimi niliuziwa memori kadi ya kuhifadhi gemu ulipofikia, kumbe plastiki tupu. Nimecheza ligi mpaka fainali, stima ikakatika, asubuhi naanza upya na timu ya daraja la nne.

MwenyeUzi: Mbele ya shemeji, jamani.

PediMbovu: @Kinyozi_wa_Likoni uliinunua wapi hiyo memori kadi? Isije ikawa chini ya ngazi palepale, kwenye feni?

Kinyozi_wa_Likoni: Palepale! Na nilipoirudisha akasema nimeichovya baharini!

Mtu_wa_Dar: Turudi kwenye mchele. Nimpeleke polisi au nimsubiri dukani kwake kesho?