Altezza RS200 ya kuongezewa nguvu: ninunue au niache? (Mwanza)

Mdau_Pasiansi

Wakuu salaam. Kuna Altezza RS200 ya mwaka 2000, gia sita za mkono, inauzwa hapa mjini kwa milioni 12 na mwenyewe anasema maelewano yapo. Odomita inasoma kilomita 148,000. Bodi haijaguswa sana, ndani kusafi.

Lengo langu si kubaki nayo ilivyo. Nataka ifike nguvu farasi 300 hivi, iwe gari ya wikiendi na ya safari za Shinyanga na Musoma, sio ya kushindana na watu barabarani. Nikishainunua nabaki na milioni 6 za injini. Je, niifungie tabo (pampu ya kusukumia injini hewa, turbo) hiyo hiyo injini yake ya 3S-GE, nipachike 1JZ (injini nyingine ya Toyota, ya silinda sita), au niachane nayo nitafute Impreza WRX? Na kabla ya kutoa hela nipime nini? Fundi wangu amezoea magari ya kawaida ila vifaa vya kupimia anaweza kuazima.

Spana_14

Kwanza hakikisha ni RS200 kweli. Usisome nembo ya nyuma, hizo zinauzwa dukani kama pipi. Fungua boneti usome kibati cha modeli: SXE10 ndiyo yenye 3S-GE, GXE10 ni AS200 yenye 1G-FE ya silinda sita, nguvu farasi 160. Zilizojaa mtaani ni GXE10. Halafu linganisha namba ya chesesi na namba ya injini na zilizo kwenye kadi. Injini ikiwa tofauti na kadi, mwambie muuzaji amalizane na TRA kabla hujatoa hata shilingi, kwa sababu ukipachika 1JZ utarudi huko huko kubadilisha kadi, na utakuwa unasafisha makosa mawili badala ya moja.

Fundi_Mkolani

Mkuu, nianze na jambo ambalo wengi wanaliruka: urefu wetu kutoka usawa wa bahari. Ziwa lenyewe liko mita 1,134, na kwenye vilima vya Bugando unapanda zaidi. Kanieneo ya hewa hapa ni kama baa 0.88 wakati Dar ni 1.01. Injini isiyo na tabo inavuta kilichopo tu, kwa hiyo inapoteza karibu asilimia 13. Farasi 210 walioandikwa kwenye karatasi ya Japani hapa wanabaki kama 183. Ukifunga eksozi kubwa, filta ya wazi na hedazi (mabomba ya kutolea moshi kwenye injini) utahangaika kurudisha farasi ambao mtu wa Tanga anao bila kufanya chochote. Milioni 6 kwa njia hiyo zimekwenda.

Kuifungia tabo 3S-GE hii ni kesi nyingine. Ya gia za mkono ina kompresheni ya 11.5 kwa 1. Hiyo ni injini iliyotengenezwa kuvuta hewa yenyewe na kuzunguka hadi 7,600, haikuandaliwa kusukumiwa. Ukiisukumia zaidi ya baa 0.3 au 0.4 kwa petroli ya sheli, mafuta yanajiwasha kabla ya cheche, unasikia mlio kama kokoto kwenye kopo, na kinachovunjika kwanza ni kingo za pistoni zinazoshika ringi. Ili uende juu kwa usalama unahitaji pistoni za kompresheni ya chini, yaani 8.5 hadi 9, konrodi za kufua, gasketi mpya ya silinda hedi, nozeli kubwa, pampu ya mafuta, na kompyuta ya injini inayoweza kupangwa upya. Hapo umeshajenga injini nzima. Kwa milioni 6 utaishia katikati, na gari ya katikati ndiyo inayolala gereji miaka miwili ikitagiwa na kuku.

Kwa hiyo kama unaipenda Altezza kwa uongozi wake na ile giaboksi ya J160, nunua uiendeshe hivyo hivyo. Kama unataka farasi 300, tafuta gari iliyotoka kiwandani na tabo.

Igoma_Turbo

Naunga mkono, ila 1JZ isiachwe bila kuelezwa. 1JZ-GTE (1JZ yenye tabo) ya VVT-i ni lita 2.5, farasi 280 na Nm 378 za nguvu ya kuzungusha. 3S-GE inatoa Nm 216 tu. Tofauti hiyo yote inapita kwenye J160, klachi, propela shafti na difu. Ukiendesha kistaarabu J160 itakuvumilia, ukizoea kuachia klachi ghafla itaanza kulia. Wengi wanahamia giaboksi ya R154, na hapo propela shafti inakatwa upya na lazima ibalansiwe, la sivyo ukifika kilomita 90 kwa saa sakafu yote inatetemeka.

Kuingia inaingia, kwa sababu bodi hii hii ilitoka na 2JZ-GE ya silinda sita, ile JCE10. Tafuta mikono ya injini na sampu (bakuli la oili) ya JCE10. Kinachokula hela si injini bali vitu vidogo: wayaringi, rejeta nene, mabomba ya intakula (kipoza hewa ya tabo), eksozi kutoka kwenye tabo, pampu ya mafuta ya lita 255 kwa saa, na siku za fundi umeme kutafuta kwa nini geji ya mwendo haisomi. Nunua nusu gari (sehemu yote ya mbele iliyokatwa) yenye kompyuta yake, wayaringi isiyokatwa, na tabo yake. Injini iliyokatwa waya karibu na soketi iache hapo hapo kwenye maduka ya spea ya Gerezani, Dar.

Njia rahisi zaidi ni Verossa VR25 au Mark II iR-V. Zote zimezaliwa na 1JZ-GTE. Angalizo: Grande nyingi za JZX110 zina 1JZ-FSE ya D4 (petroli inapulizwa moja kwa moja ndani ya silinda), isiyo na tabo. Herufi za chesesi peke yake hazitoshi hapo, fungua boneti uone tabo kwa macho.

Mdau_Pasiansi

Ahsanteni sana. Na Impreza je? Kuna moja ya WRX ya 2002 nimeonyeshwa pia.

Spana_14

EJ205, injini ya hiyo WRX, ina raha yake, na tabo iko tayari. Tatizo ni historia. Injini hii ikikosa oili kidogo tu kwenye kona au mlima, beringi za konrodi ndizo zinazolipa. Washa ikiwa ya baridi, ipashe moto hadi feni ya rejeta iwake mara mbili, kisha ipandishe taratibu hadi 3,000 na uiachie. Mlio mzito wa kugonga unaosikika chini pale inaposhuka, usibishane nao, ondoka. Giaboksi ya gia tano pia si ya kusukumwa: gia ya tatu ndiyo hukatika meno mtu akishaongeza nguvu. Na kila kazi ya silinda hedi ni kushusha injini, kwa sababu imelala. Kwa fundi uliyemwelezea, kaa na Toyota.

Fundi_Mkolani

Sasa upimaji, maana hapo ndipo utaokoa pesa.

Kompresheni: pasha injini moto kabisa, toa plagi zote nne, chomoa fyuzi ya pampu ya mafuta na soketi za koili, betri iwe imejaa, kanyaga mafuta hadi mwisho, piga stata mizunguko mitano hadi sita kwa kila silinda. Watu wengi hawakanyagi mafuta, wanapata namba za chini halafu wanalaumu injini. Na kumbuka urefu wetu: tuseme kitabu kinasema psi 190, hapa injini nzima kabisa itasoma kama 165. Usiogope namba kuwa ndogo, ogopa silinda kutofautiana. Toyota inaruhusu tofauti ya kama psi 14.

Ikitofautiana, mimina kijiko kimoja cha chai cha oili kwenye silinda dhaifu upime tena. Ikipanda sana ni ringi. Isipopanda ni vali au gasketi. Ukipata kipimo cha kuvuja kwa upepo, sikiliza hewa inapotokea: kwenye eksozi ni vali ya kutolea, kwenye mdomo wa kuvutia hewa ni vali ya kuingizia, kwenye kijiti cha oili ni ringi, na mapovu kwenye rejeta ni gasketi au ufa.

Kata filta ya oili kwa msumeno wa bati, tandaza karatasi yake kwenye jua. Chenga zinazonata kwenye sumaku ni chuma, zinazometameta bila kunata ni beringi. Mkanda wa taimingi unabadilishwa kila kilomita 100,000. Kama hakuna ushahidi, hesabu kwamba haujabadilishwa, maana ukikatika vali zinakutana na pistoni.

Kutu: inama chini uangalie kingo za milango na vishikio vya shokapu za nyuma. Hiyo si ya ziwa, maji yetu hayana chumvi. Imetoka na gari Japani kwenye barabara za theluji.

Mdau_Pasiansi

Tumepima asubuhi hii, mafuta yamekanyagwa, betri mpya. Silinda ya 1: 163. Ya 2: 165. Ya 3: 138. Ya 4: 161. Baada ya kumimina kijiko cha oili, ya tatu imepanda hadi 156. Bila oili tumerudia mara mbili, haibadiliki.

Fundi_Mkolani

Ringi za silinda ya tatu, mkuu. Tofauti ya 27 ni karibu mara mbili ya inayoruhusiwa. Kwa matumizi ya kawaida itatembea ikila oili. Kwa kuiongezea nguvu, haifai hata kidogo. Huyo muuzaji akikubali kupunguza kwenye bei gharama ya kufungua injini, ringi, beringi na gasketi, inabaki kuwa ganda la kupachikia 1JZ. Lakini milioni 6 zako hazifiki mwisho wa hiyo kazi. Iache.

Igoma_Turbo

Ukihamia kwenye Verossa au iR-V, shika namba hizi. Tabo yake, CT15B, ina gurudumu la seramiki upande wa eksozi, na linapasuka likizungushwa kupita kiasi. Watu wa pwani wanaishia baa 1 ya geji, yaani juu ya kanieneo ya nje. Wewe huku ukiweka baa 1, uwiano wa hewa inayotoka kwenye tabo kwa inayoingia ni 1.88 gawanya kwa 0.88, yaani 2.14, wakati kwao ni 2.0 tu. Tabo yako inazunguka kwa kasi zaidi kwa geji ile ile. Ishia 0.85, ukizidi sana 0.9. Plagi za baridi daraja moja, mwanya milimita 0.7 hadi 0.8, sensa ya kusoma uwiano wa hewa na mafuta ifungwe kabla ya kupandisha chochote, na ukiwa umekanyaga isome 11.5 (sehemu za hewa kwa moja ya mafuta) au chini kidogo. Fundi apange kompyuta kwa petroli unayojaza kila siku, sio ya chupa ya kuongeza oktani.

Kifuniko cha rejeta nunua kipya siku ya kwanza. Huku maji bila presha yanachemka kwenye nyuzi 96, kwa hiyo kifuniko kilicholegea kinakuchemshia injini wakati mwenzio wa Dar angefika gereji. Tumia kulanti, usijaze ya bomba. Na wale wadudu wa ziwani wakishatanda, mapezi ya intakula na rejeta yanaziba kama yamepakwa uji: osha kwa maji ya nguvu ndogo kutokea upande wa injini kwenda nje, ukipiga kutoka mbele unawashindilia ndani.

Spana_14

Breki kabla ya tabo, na bima waandikie kilichobadilishwa. Ukipata VR25 leta picha ya kibati na ya upande wa eksozi hapa kabla ya kulipa.