Jarida la malezi: ungetoa hela yako likuandikie nini?

Mama Pacha: Wazazi wenzangu, kuna dada ofisini anataka kuanzisha jarida la malezi, kaniuliza wazazi tunataka kusoma nini. Nimekosa jibu. Nilipokuwa mjamzito nilikuwa napitia ya Ulaya: chumba cha mtoto, kitanda cha mtoto, pazia la mtoto. Mimi nina chumba na sebule Mbagala, na pacha. Nyie mngetaka nini?

Mjukuu wa Chifu: Bibi yangu kalea watoto tisa na hajawahi kushika jarida. Nyie wa siku hizi mtoto akipiga chafya mnakimbilia simu.

Mama Pacha: Tisa waliokua au tisa waliozaliwa? Kaulize vizuri nyumbani.

Mjukuu wa Chifu: Bibi yangu muache. Tubishane mimi na wewe.

Fundi Bomba: Mimi ni baba na ningelinunua. Shida kwenye majarida haya baba anatokea picha moja tu, kabeba mwavuli. Sheria nayo inampa mama likizo ya uzazi siku 84, wa pacha 100, mimi 3. Waniandikie basi siku ya 4 nifanye nini nikirudi saa mbili usiku mtoto analia.

Jicho la Tatu: Ubadilishe nepi. Hiyo nayo inahitaji jarida?

Binti Tanga: Mimi nataka mapishi yenye bei ya sokoni, dagaa na mchicha, brokoli wabaki nayo. Wangu nampa uji wa lishe wa nafaka saba, soya na karanga humo humo. Muone alivyonawiri!

Nesi Mstaafu: Mwanangu, hizo nafaka saba ndizo tulizozipigia kelele kliniki mpaka koo likakauka. Moja ikiwa na ukungu umeharibu unga wote. Mahindi na karanga ndiyo hasa yanashika sumukuvu, yaani sumu ya huo ukungu. Mwaka 2016 Dodoma na Manyara watu walikufa.

Binti Tanga: Shikamoo mama, lakini sema wazi: namlisha mwanangu sumu? Nachambua mwenyewe, naosha, naanika, nasimamia mashineni mpaka mwisho.

Nesi Mstaafu: Marahaba. Kuchambua unafanya vizuri. Ila sumu ikishaingia kwenye punje, kuosha hakuitoi, na uji kuchemka hakuiui. Kausha vizuri, hifadhi pakavu, na usisage unga wa miezi mitatu.

Fundi Bomba: Samahani, soya mnaisaga mbichi?

Nesi Mstaafu: Hapana! Ichemshe, imenye, ianike, ndiyo uikaange. Mbichi itamsumbua tumbo.

Mjukuu wa Chifu: Sisi tulikunywa uji wa ulezi mtupu. Bibi alijua.

Binti Tanga: Haya, leo bibi kawa bwana lishe.

Jicho la Tatu: Turudi kwenye mada. Jarida la malezi la Marekani, Parents, lilianza 1926, likaacha kuchapishwa 2022, likabaki mtandaoni. Huyo dada atamuuzia nani karatasi?

Binti Tanga: Wewe una mtoto?

Jicho la Tatu: Hilo linahusianaje?

Binti Tanga: Nimeuliza tu.

Mama Pacha: Jamani, nimpelekee nini huyu dada? Mpaka sasa nimeandika "uji".

Fundi Bomba: Ongeza na siku ya 4. Halafu mama Nesi, karanga ziingie mashineni na maganda yake au bila?