Nifanyeje ili niimarike katika sataranji ya haraka mtandaoni?

Mwanagenzi wa Kondele, Kisumu

Hamjambo nyote. Nilijifunza sataranji kwa simu mwaka huu, na jioni nikishafunga duka hucheza michezo ya dakika 3 kwa kila mchezaji. Kanuni nazifahamu, lakini mara nyingi muda huniishia nikiwa na kete nyingi kuliko mpinzani, na nikiharakisha, malkia wangu huliwa bure. Je, niendelee hivi hivi mpaka mkono uzoee, au ipo njia iliyo bora? Je, ni lazima pia nikariri funguzi nyingi, yaani mipangilio ya hatua za mwanzo?

Mlezi wa klabu ya shule, Nakuru

Karibu sana, ndugu yangu. Dakika 3 ni chache mno kwa anayeanza. Mchezo ukifika hatua 40, kila hatua imepata sekunde 4 na nusu, na huo si muda wa kukagua kila kete inayoweza kuliwa. Dakika 15 zenye nyongeza ya sekunde 10 kwa kila hatua zitakupa zaidi ya sekunde 30 za kufikiria kila hatua. Hapo ndipo utakapopata nafasi ya kujiuliza, kabla ya kugusa skrini, mpinzani anatishia nini kwa hatua aliyocheza sasa hivi, na kete unayotaka kuisogeza ilikuwa inalinda nini. Ukizoea maswali hayo mawili, malkia hataliwa ovyo.

Kuhusu kasi, watazame wazee wanaocheza drafti kwa vifuniko vya soda: husogeza bila kusita kwa sababu kila mtego wameshauona mara nyingi. Katika sataranji, macho hayo hufunzwa kwa mafumbo. Lichess, tovuti iliyoanzishwa mwaka 2010 na Mfaransa Thibault Duplessis, hutoa mafumbo bila malipo na bila kikomo, tena unaweza kuchagua aina. Anza na yale ya kumfunga mfalme kwa hatua moja, uingie ya farasi anayeshambulia kete mbili kwa mpigo, kisha ya kete isiyoweza kubanduka kwa kuwa nyuma yake yupo mfalme. Usiruke kwenda aina nyingine kabla jibu halijaanza kukujia mara tu unapouona ubao.

Mchezaji wa Kakamega

Naafikiana na mlezi wa Nakuru kuhusu mafumbo, ila sioni sababu ya kumkataza mtu michezo mifupi anayoifurahia. Tatizo kubwa naliona katika kucheza bila nyongeza. Hata mashindano ya dunia ya sataranji ya haraka sana (blitz) ya FIDE, shirikisho la sataranji duniani, huchezwa kwa dakika 3 pamoja na sekunde 2 kwa kila hatua. Wewe chagua dakika 5 na nyongeza ya sekunde 3, ili ukiwa umeshinda kwa kete upate muda wa kumalizia. Kumalizia kwenyewe nako kuna mazoezi yake: cheza na kompyuta ukiwa na mfalme na malkia dhidi ya mfalme peke yake, halafu mfalme na ngome, mpaka uweze bila kufikiri sana. Jihadhari na malkia, kwa maana mfalme asiyeshambuliwa lakini asiye na pa kwenda huleta sare.

Tena, usicheze ukiwa ndani ya matatu. Mtandao ukikatika njiani, saa yako inaendelea kuhesabu.

Mwanagenzi wa Kondele, Kisumu

Nawashukuru sana. Lipo jambo jingine: wengi ninaokutana nao humtoa malkia mapema na kunifunga katika hatua ya nne. Najikingaje?

Msomaji wa Bungoma

Mraba wanaoulenga ni f7 (herufi ni safu ya wima, namba ni mstari wa mlalo), ambao mwanzoni hulindwa na mfalme peke yake. Tuseme vitunda (zile kete ndogo za mbele) vimekwenda e4 na e5, naye akamleta malkia h5. Peleka farasi c6 ili kulinda e5. Askofu wake akija c4, sogeza kitunda g6 umfukuze malkia. Akirudi f3 kutishia tena, weka farasi wa pili f6. Shambulio limezimika, kete zako mbili ziko kazini, na malkia wake amezurura bila faida.

Kwa hiyo funguzi nyingi hazihitajiki. Ukiwa mweupe, ufunguzi wa Kiitaliano unakutosha kwa sasa: kitunda e4, farasi f3, askofu c4, kisha umfiche mfalme pembeni pamoja na ngome. Ukiwa mweusi, jibu e4 kwa e5, na uelewe kila kete inakwenda pale kwa sababu gani. Muda uliobaki utumie kupitia michezo uliyoshindwa. Itafute mwenyewe hatua iliyokuponza, na ukishaitaja ndipo uiulize kompyuta, kwa kuwa ukianza na kompyuta utaona jibu bila kujua kwa nini hukuliona mezani.

Mlezi wa klabu ya shule, Nakuru

Naunga mkono. Mchezo mmoja uliopitiwa hivyo kila jioni, pamoja na mafumbo machache, unamtosha mtu mwenye duka.